Pima Kwanza, Ndipo Ununue Mashine

Ndugu zangu, hili nalisema kila ninapopewa nafasi: kukosa pumzi si lazima kukosa oksijeni.

Alikuja kliniki bibi mmoja aliyepikia kuni tangu usichana. Wanawe walikuwa wameuza kiwanja wamnunulie mashine ya oksijeni. Anahema, mabega juu, maneno mawili anatua. Nikamvisha kile kifaa cha kidoleni kinachopima oksijeni kwenye damu: asilimia 94. Nikamtembeza: 92. Mwanawe akafoka, "Daktari, humwoni mama anavyokata roho?" Namwona. Lakini mapafu yaliyochakazwa na moshi hayatoi hewa ipasavyo. Ya zamani hunaswa ndani, kifua kinajaa, mpya haipati nafasi. Kadiri anavyohema haraka, ndivyo inavyozidi kunaswa. Tukamkalisha ameinama mbele, viwiko magotini. Avute kwa pua, atoe taratibu kwa midomo iliyobanwa, kama anayepoza uji. Feni ndogo ya mkononi ikampuliza usoni. Punde akatoa sentensi nzima bila kutua: alitaka kujua kiwanja kitarudije.

Mtu ataniambia, oksijeni ya ziada itamdhuru nini? Itamdhuru! Baadhi ya wagonjwa hawa wakipewa nyingi, kabonidayoksaidi hujaa kwenye damu, wakasinzia hadi kupoteza fahamu. Ndiyo maana wakizidiwa tunalenga asilimia 88 hadi 92, si 100. Na utafiti wa Marekani uliotolewa mwaka 2016, wenye wagonjwa 738 ambao oksijeni yao ilikuwa imeshuka kiasi tu, haukuona kuwa oksijeni ya nyumbani iliwarefushia maisha wala kuwapunguzia kulazwa.

Sikatai oksijeni. Ambaye ametulia, anatumia dawa zake, na bado kila akipimwa ni 88 au chini, huyo inamrefushia maisha. Tafiti za mwaka 1980 na 1981 zilionyesha hivyo. Ila ni saa 15 au zaidi kwa siku, si dakika 10 kila akichoka. Na jiko, mshumaa, sigara, vyote mbali: oksijeni huchochea moto, nao humwunguza mtu uso.

Dawa za kuvuta na mazoezi ya kutembea nilitaka kuvifikia, muda umenitupa mkono. Muuguzi yupo mlangoni na vifaa vya kidoleni. Mwenye mgonjwa nyumbani apite aonyeshwe kusoma. Kidole kiwe na joto, kisiwe na rangi ya kucha wala piko.