Yai Bora Halijulikani kwa Rangi ya Ganda

SEIF: Karibu, msikilizaji, katika kipindi chetu cha chakula na afya ya familia. Mimi ni Seif, niliyekulia katika nyumba inayofuga kuku wa mayai pembezoni mwa Dar es Salaam, na niko pamoja na dada Rehema, mtaalamu wa lishe. Leo tunazungumzia yai, na ningependa tuanze na swali ambalo wateja wetu hawaachi kutuuliza: kwa nini mtu anunue yai la kisasa wakati la kienyeji ndilo lenye afya?

REHEMA: Asante, kaka Seif. Swali hilo ni zito kwa sababu linagusa mkoba wa mama anayelisha familia. Mjini yai la kienyeji huuzwa kwa bei ya juu kuliko la kisasa, na mara nyingi ni dogo, lenye gramu 40 hivi, ilhali la kisasa hufika gramu 55 au 60. Ukilinganisha gramu kwa gramu, protini ya mayai hayo mawili inakaribiana sana. Kwa hiyo mzazi anayelipa zaidi ili mwanawe apate protini nyingi, anaondoka dukani na protini pungufu. Anayelipenda la kienyeji kwa ladha yake aendelee kulila kwa amani, lakini aliyeshindwa kulinunua asidhani kwamba amemnyima mtoto wake kitu cha lazima.

SEIF: Basi tueleze ndani ya yai mna nini hasa.

REHEMA: Yai kubwa likishatolewa ganda lina gramu 50 hivi za chakula, na ndani yake mna kilokalori 70 na kidogo, protini gramu 6 na mafuta gramu 5. Protini hiyo ina asidi zote za amino, yaani viungo vinavyoijenga protini, ambazo mwili hauwezi kujitengenezea, na hapo ndipo yai linapokifaa chakula chetu cha kila siku. Mahindi, ambayo ndiyo ugali wetu na ndiyo uji wa watoto wetu, yana upungufu wa asidi mbili kati ya hizo, lisini na triptofani, na yai linazo zote mbili. Mama anayevunja yai moja ndani ya uji unaochemka, akalikoroga mpaka likaiva kabisa, ameuongezea uji ule kitu ambacho hata angeongeza unga maradufu asingekipata.

SEIF: Wako vijana wa mazoezi wanaokula ute na kukitupa kiini.

REHEMA: Nawaomba wasikitupe. Zaidi ya thuluthi moja ya protini ya yai imo kwenye kiini, na karibu vitamini zote zinazoyeyuka katika mafuta, yaani A, D, E na K, zimo humo humo. Kiini ndicho chenye lutini na zeaksanthini, rangi za asili ambazo hukusanyika kwenye retina ya jicho, na ndicho chenye kolini. Hiyo kolini naomba niikalie kidogo, kwa sababu haisemwi sana kliniki. Ni kirutubisho kinachosaidia ubongo na uti wa mgongo wa mtoto kujengeka tangu akiwa tumboni. Mjamzito anashauriwa kupata miligramu 450 kwa siku na anayenyonyesha 550, na yai moja humpa karibu miligramu 150. Vyakula vinavyoikusanya kolini kwa wingi namna hiyo, kwa bei ambayo familia ya kawaida inaimudu, ni vichache sana.

SEIF: Na ni mjamzito huyo huyo anayekatazwa mayai. Nimesikia watu wazima wakisema kwamba mama akila mayai atajifungua mtoto asiye na nywele.

REHEMA: Imani hiyo ipo katika sehemu mbalimbali za Tanzania, na inaniumiza, kwa sababu inamwondolea mama chakula wakati anapokihitaji kuliko wakati mwingine wowote. Nywele za mtoto mchanga hutegemea alichorithi, wala yai halihusiki. Ninapokutana na bibi anayeshikilia jambo hili simbishii mbele ya watu. Namweleza kwa heshima kile ambacho yai linamfanyia mjukuu wake, na mara nyingi tunaelewana.

SEIF: Na mtoto mwenyewe aanze lini?

REHEMA: Akitimiza miezi sita, pamoja na vyakula vingine vya kulikiza. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2023 unashauri mtoto wa miezi 6 hadi 23 apate kila siku chakula kitokanacho na wanyama, na mayai yametajwa humo. Aanzishiwe kidogo, yai likiwa limeiva na kupondwa vizuri, huku mama akiangalia kama kuna vipele, uvimbe wa midomo au kutapika. Dalili hizo zikitokea aache na ampeleke mtoto kituo cha afya. Wapo wanaochelewesha mpaka mwaka upite kwa kuogopa mzio, lakini kuchelewesha hakumkingi mtoto.

SEIF: Je, yai moja kwa siku linaweza kuzuia udumavu?

REHEMA: Hapo lazima tuwe waangalifu tusije tukaahidi kupita kiasi. Utafiti uliofanyika Cotopaxi nchini Ecuador na kuchapishwa mwaka 2017 uliwapa watoto wa kuanzia miezi 6 hadi 9 yai moja kila siku kwa miezi sita, na udumavu ukapungua kwa asilimia 47 ukilinganisha na watoto ambao hawakupewa. Utafiti wa namna hiyo ukafanyika Mangochi nchini Malawi, matokeo yakatoka mwaka 2019, na urefu wa watoto haukuonyesha tofauti. Watafiti wakaeleza kwamba watoto wa Mangochi tayari walikuwa wanakula samaki wa ziwani, na udumavu haukuwa mkubwa tangu mwanzo. Mimi nasoma hapo kwamba yai humsaidia zaidi mtoto ambaye sahani yake haina samaki, dagaa, maziwa wala nyama. Hapa Tanzania, utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 30 ya watoto waliokuwa chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa.

SEIF: Kwa upande wa watu wazima, hofu kubwa ni lehemu, yaani kolesteroli.

REHEMA: Hofu hiyo ina historia. Mwaka 1968 Chama cha Moyo cha Marekani kilishauri watu wasizidishe viini vitatu kwa wiki, kwa sababu yai moja lina miligramu 186 hivi za lehemu. Baadaye ikadhihirika kwamba kwa watu wengi ini hupunguza utengenezaji wake pale lehemu inapoingia kwa njia ya chakula, na kwamba mafuta yanayoganda huichochea lehemu ya damu kuliko yai lenyewe. Mwongozo wa lishe wa Marekani wa mwaka 2015 ukaacha kuweka kikomo cha awali cha miligramu 300 za lehemu kwa siku. Mtu mzima mwenye afya anaweza kula yai moja kwa siku bila wasiwasi. Mwenye kisukari, au mwenye lehemu ya juu ya kurithi, azungumze na daktari wake. Ila yai lililozama ndani ya chipsi na mafuta yaliyokaangiwa tangu asubuhi ni suala jingine, na hapo yai lisilaumiwe.

SEIF: Vipi kuhusu damu? Tunaambiwa yai huongeza damu.

REHEMA: Madini ya chuma yamo, lakini mwili huyafyonza kwa shida kwa sababu protini moja ya kiini huyashikilia. Mwenye upungufu wa damu asitegemee yai peke yake.

SEIF: Sasa naomba nizungumze kama mfugaji, maana hapa ndipo watu wanapopoteza fedha. Rangi ya ganda hutokana na mbegu ya kuku na haisemi chochote kuhusu lishe. Rangi ya kiini hutokana na alichokula kuku: akila mahindi ya njano au majani mabichi, kiini huwa cha njano iliyokolea, akila pumba za mahindi meupe, kiini hupauka. Tena siku hizi kuna rangi inayochanganywa kwenye chakula cha kuku, kwa hiyo kiini chekundu peke yake hakithibitishi kwamba kuku alizunguka uani.

REHEMA: Lakini kuku aliyezunguka uani juani, akala majani na wadudu, kiini chake kinaweza kweli kuwa na vitamini D na E zaidi. Tuwatendee haki wanaosema hivyo.

SEIF: Ni kweli, dada. Tatizo ni safari ya yai hilo mpaka limfikie mnunuzi. Kuku wa kienyeji hutaga mayai 40 hadi 60 kwa mwaka, kwa hiyo mkusanyaji hupita nyumba hadi nyumba, anachukua mawili hapa na matano kule, hadi trei ijae. Kisha trei inapanda basi kuja mjini. Ndani ya trei moja unaweza kupata yai la jana na yai la wiki tatu. Kwa kuwa kuna jogoo, mengi yana mbegu, na joto letu linatosha kuifanya mbegu ianze kukua hata pasipo kuku wa kuyaatamia. Ndiyo maana watu huvunja yai la kienyeji wakakuta mishipa ya damu iliyotandaa. Kwenye banda la kuku wa mayai hakuna jogoo, na mayai hukusanywa kila siku. Mimi nasema wazi kwamba umri wa yai ndio unaostahili kuulizwa kwanza: yametagwa lini?

REHEMA: Na muuzaji akijibu tu kwamba ni mapya?

SEIF: Umulike. Ingia mahali penye kivuli, shika yai kwa vidole viwili, kisha gandamiza taa ya simu kwenye ule upande wake butu. Ndani litang'aa rangi ya chungwa, na pale juu utaona kifuko cha hewa, kama mwezi mdogo uliolala. Ganda lina maelfu ya vitundu visivyoonekana kwa macho. Maji ya ndani hutoka kidogo kidogo kupitia humo, hewa inaingia, na kifuko kinapanuka kadiri siku zinavyopita. Katika Umoja wa Ulaya yai la daraja A haliruhusiwi kuwa na kifuko kinachozidi kina cha milimita 6. Ligeuze polepole: kiini cha yai jipya hujongea kidogo na kurudi katikati, cha yai la zamani huelea huku na huku. Ukiona utando wa mishipa au giza tupu, lirudishe.

REHEMA: Nyumbani ipo njia ya maji. Yai jipya hulala chini ya bakuli, la siku nyingi husimama, na viza huelea. Njia hii inaonyesha umri tu. Haiwezi kumwambia mtu kama yai lina bakteria wa salmonela, maana yai lililotagwa leo linaweza kuwa nao ndani.

SEIF: Ukilivunja kwenye sahani bapa, utaona mengi zaidi. Kiini cha yai jipya husimama, na ute mzito hukizunguka kama kitanda, kisha ndipo unakuja ute mwepesi. Lililokaa muda mrefu, ute wote hutawanyika na kiini hulala bapa. Zile kamba nyeupe zilizosokotwa kandokando ya kiini, ambazo watu huzitoa kwa uma wakidhani ni mwanzo wa kifaranga, zipo hata kwenye yai lisilo na mbegu. Kazi yake ni kukishikilia kiini katikati. Tone dogo la damu nalo halina madhara.

REHEMA: Kaka Seif, naomba uwe mkweli kwa wasikilizaji kuhusu dawa.

SEIF: Nitakuwa mkweli. Homoni hatutumii, kuku wa kisasa hutaga sana kwa sababu ya mbegu yake, chakula na mwanga. Antibayotiki ndiyo shida yenyewe. Kuku wakiugua na kupewa dawa, kifungashio huandikwa siku ambazo mayai hayapaswi kuliwa, na wapo wafugaji wanaoendelea kuuza kwa kuhofia hasara. Mabaki ya dawa ndani ya yai hayaonekani kwa taa, wala kupika si njia ya uhakika ya kuyaondoa. Ndiyo maana nawashauri watu wamjue mfugaji wao au muuzaji anayemjua mfugaji, na wamuulize anafanya nini na mayai siku za tiba. Mfugaji mwaminifu atajibu bila kukasirika.

REHEMA: Tumalizie na utunzaji. Yasioshwe yakiletwa nyumbani, kwa sababu ganda lina utando unaoziba vile vitundu. Yenye uchafu mkavu yafutwe, na kama ni lazima kuosha, yaoshwe muda mfupi kabla ya kupikwa, kwa maji yenye joto kuliko yai, kwa kuwa likiwa kwenye maji ya baridi yai huyavuta maji machafu yaingie ndani. Yenye ufa yaachwe dukani. Yawekwe upande butu ukiwa juu, mbali na jiko, na yakishaingia friji yabaki humo.

SEIF: Na wale wanaoyanywa mabichi kwa ajili ya nguvu?

REHEMA: Wanajipunja. Mwili hufyonza karibu asilimia 90 ya protini ya yai lililopikwa, na nusu hivi tu ya yai bichi, achilia mbali hatari ya salmonela. Kwa watoto, wajawazito na wazee yachemshwe dakika 10 hadi 12 baada ya maji kuchemka, kiini kigande. Ile duara ya kijani inayotokea kandokando ya kiini ni chuma na salfa vilivyokutana kwa kupitiliza moto, na haidhuru. Yaliyochemshwa yasikae nje ya friji zaidi ya saa mbili, hivyo kwa wauzaji wa barabarani chagua anayeyatoa yakiwa bado ya moto, mwombe akumenyee mbele yako, na kachumbari iliyokatwa tangu asubuhi uiache.