Kuwasha kontakta kwa baitikodi ya Java: stati, stopu na baiti sita

Mambo vipi wakuu, leo tunachukua ile sakiti ya stati na stopu ambayo kila fundi wa kiwandani anaijua, ile kontakta (swichi kubwa ya umeme inayovutwa na koili) ukiigusa inajishika yenyewe, tunaiandika kwa Java alafu tunatoa baitikodi yake (zile amri fupi fupi ambazo Java inageuzwa ikikompailiwa) na kuipakia kwenye kikontrola kidogo iendeshe rilei (swichi ndogo inayowashwa na umeme). Andaa laptopu yenye JDK (vifaa vya kukompaili Java), bodi ya ESP32, moduli ya rilei, pushi batani mbili na taa. Taa jamani, mota isubiri kwanza.

Fungua edita, tengeneza faili la Mota.java, andika hivi:

class Mota {
  static boolean washa(boolean anza, boolean kazi, boolean ruhusa) {
    return (anza | kazi) & ruhusa;
  }
}

Anza ni batani ya stati. Kazi ni hali ya mota kwenye mzunguko uliopita, yani ndo ile kontakti ya kujishikia. Ruhusa ni batani ya stopu, na hii tunaifunga NC, muda wote imefunga, ukibonyeza inakata, na waya ukichomoka inakata vilevile, mota inasimama. Ukifunga NO, yani iliyo wazi mpaka uibonyeze, siku waya umeliwa na panya utabonyeza stopu mpaka kidole kiume na mota inaendelea tu.

Sasa kwenye taminali andika javac Mota.java, ikimaliza andika javap -c Mota. Achana na mistari ya konstrakta pale juu, shuka mpaka kwenye washa utakuta hii:

0: iload_0
1: iload_1
2: ior
3: iload_2
4: iand
5: ireturn

Isome taratibu. Weka anza kwenye steki (rundo la thamani, ya mwisho kuwekwa ndo ya kwanza kutoka), weka kazi juu yake, zifanyie OR, weka ruhusa, fanya AND, rudisha jibu. Wale mliosoma PLC (kompyuta za kuendesha mitambo ya kiwandani) zamani mshaona kitu hapo, hii inafanana sana na Instruction List (IL) ya IEC 61131-3, ile standadi ya lugha za PLC iliyotoka 1993: LD ANZA, OR KAZI, AND RUHUSA, ST KAZI. Tofauti ni kwamba kule kuna akumuleta moja (sehemu moja tu ya kushika jibu), huku kuna steki. Toleo la 2013 la hiyo standadi likaiweka IL kwenye njia ya kustaafu, ila wazo lenyewe halijafa, hata kwenye PLC ya Siemens ya S7-300 programu yako inageuzwa kwanza kuwa kodi ya MC7 ndo inaingia kwenye mashine.

Subiri kidogo hapa maana ndo penye utamu. Badilisha alama uweke || na && kama tulivyozoea kwenye Java, kompaili tena uangalie. Baiti 6 zimekuwa 18! Zimejaa ifne, ifeq na goto, programu inaruka huku na kule kulingana na batani ipi imebonyezwa, kwaiyo muda wa mzunguko mmoja haulingani na mwingine. Kwa tovuti nani anajali, ila kwa kikontrola mimi nataka njia iwe moja iliyonyooka kila skani (kila mzunguko), so rudisha alama moja moja.

Andika pia javap -v Mota, kwenye washa utaona stack=2, locals=3. Maana yake memori unayohitaji unaijua kabla hujawasha kitu. Na kwa kuwa hatujaandika new popote, hakuna habari ya mfagiaji wa memori kuamka katikati ya kazi na kusimamisha mambo, tatizo ambalo lilifanya watu wakae chini watengeneze spesifikesheni nzima ya Java ya wakati halisi, JSR 1.

Tunataka baiti zenyewe sasa. Andika xxd -p Mota.class, mwanzo utaona cafebabe, hiyo ni alama ya kila faili la klasi, we tafuta 1a1b801c7eac. Ndo programu yako yote hiyo, wala hakuna kingine.

Hamia Arduino IDE, weka hizo baiti kwenye aree, alafu andika intapreta (programu inayosoma baiti moja moja na kuzitekeleza), lupu moja na switch ndani yake. Baiti ikiwa kati ya 0x1a na 0x1d ipunguzie 0x1a upate namba ya ingizo, chukua ingizo hilo, lisukume kwenye steki. Ikiwa 0x80 ondoa mbili za juu kwenye steki, fanya OR, rudisha moja. 0x7e hivyohivyo ila AND. 0xac toa ya juu, hilo ndo jibu, toka. Ikija baiti nyingine yoyote usiyoijua, zima rilei na usimame hapohapo, usibahatishe.

Waya: stati pini 25, stopu pini 26, mguu wa pili wa kila batani uende GND, na kwenye kodi weka INPUT_PULLUP. Usitumie 34 mpaka 39, hazina pulapu ya ndani (ile inayoivuta pini iwe 1 batani ikiwa wazi). Batani ikifunga inasomeka 0, kwaiyo geuza zote mbili wakati wa kusoma. Rilei weka 27, na moduli nyingi zinawaka kwa LOW, angalia ya kwako.

Lupu kuu ni kama ya PLC yoyote: soma maingizo yote, endesha baiti, hifadhi jibu kama kazi, andika kwenye rilei, rudia. Bonyeza stati, taa iwake na ibaki. Bonyeza stopu izime. Washa tena alafu chomoa waya wa stopu, lazima izime, isipozima usiendelee. Na siku ukifika kwenye mota kweli, overlodi (kinga ya mota ikizidiwa) na emajensi stopu zikate koili ya kontakta moja kwa moja kwa waya, zisipitie kwenye programu.

Unataka kuongeza boya la tanki? Weka & boya mwishoni, ongeza na boolean boya kwenye mabano ya washa, kompaili, utaona zimeongezeka baiti mbili tu, 1d na 7e, kabla ya ac. Ila ingizo la tano halina kifupi, linakuja kama 15 04, baiti mbili kwa amri moja, so ongeza case ya 0x15 inayosoma baiti inayofuata kama namba ya ingizo na kuiruka.