Chumba cha Nyuma ya Jiko: Wanawake Weusi wa Brazili na Vyama Vyao

Shikamooni wazee wangu, na wengine wote habari za jioni.

Nimeombwa nizungumzie wanawake weusi wa Brazili na mapambano yao dhidi ya ubaguzi wa rangi na wa kijinsia. Wengi wenu mmeshasikia habari za Marielle Franco, diwani wa Rio de Janeiro aliyeuawa kwa risasi Machi 2018. Leo nitawapeleka jikoni, walikokuwa mama zao na bibi zao.

Brazili ilifuta utumwa tarehe 13 Mei 1888. Walioachiwa huru hawakupewa shamba wala fidia. Wanawake wengi wakabaki wakipika na kulea watoto wa watu, kwa ujira kiduchu au kwa chakula na mahali pa kulala tu. Ukiingia katika maghorofa ya zamani ya Rio au São Paulo, utakikuta chumba chao nyuma ya jiko: kitanda kimoja kinaenea kwa taabu, na hewa ni ya kubahatisha. Mlango wao ni wa pembeni, na lifti yao ni ya mizigo na watumishi. Aliyechora ramani ile alijua anamtenga nani.

Laudelina de Campos Melo alizaliwa mwaka 1904 huko Poços de Caldas, akaanza kazi za ndani akiwa na miaka saba. Mwaka 1936, mjini Santos, alianzisha chama cha kwanza cha wafanyakazi wa nyumbani nchini humo. Ndugu zangu, kazi ya kuwakusanya ilikuwa ngumu mno. Kiwandani watu mia wanatoka kwa geti moja; simama pale na karatasi zako, umewapata. Mfanyakazi wa nyumbani yuko peke yake ndani ya ukuta wa mtu, hana saa ya kutoka, na bosi anajua kila anakokwenda. Unaanzia wapi kumkutanisha na mwenzake?

Udikteta wa Rais Getúlio Vargas ulikifunga chama kile. Kisha mwaka 1943 ikaja sheria kuu ya kazi, ambayo hadi leo inasifiwa kuwa ngao ya mfanyakazi wa Brazili. Sheria hiyo iliwataja wafanyakazi wa nyumbani, ila kwa kusema kwamba haiwahusu. Hawakusahauliwa. Waliandikwa ili waachwe nje.

Laudelina hakukaa kimya. Alipohamia Campinas alikuta matangazo ya kazi gazetini yakitaka mfanyakazi mweupe, akaenda kuyapinga. Mwaka 1957 aliandaa dansi la mabinti weusi katika ukumbi wa fahari wa mji. Wako wanaoliona jambo hilo kuwa la anasa tu. Mimi naliona kuwa siasa kamili, maana binti aliyezoea kuambiwa apite mlango wa pembeni siku ile aliingia kwa mlango wa mbele, amependeza, watu wakimtazama. Mwaka 1961 akaunda chama kingine hapo Campinas, na alipofariki mwaka 1991 aliwaachia wenzake nyumba yake.

Huko mjini Salvador, miaka ya 1980, kina dada wa kazi walikutana kwenye madarasa ya jioni. Hapo ndipo alipochipukia Creuza Oliveira, aliyeanza kazi za ndani akiwa mtoto na baadaye akaongoza shirikisho lao la taifa. Katika bunge lililoandika katiba ya 1988 alikuwamo Benedita da Silva, ambaye naye aliwahi kufanya kazi hiyo. Katika katiba hiyo wafanyakazi wa nyumbani walipata kima cha chini cha mshahara na siku ya mapumziko. Ukomo wa saa za kazi hawakupewa.

Na wanaharakati wenzao wanawake, je? Hapa Lélia Gonzalez, msomi na mwanaharakati mweusi wa Brazili, mwana wa mama aliyekuwa mtumishi wa ndani, alisema bila kuuma maneno: mwanamke mweupe aliweza kwenda ofisini na kwenye mikutano ya ukombozi kwa sababu mwanamke mweusi alibaki nyumbani akimlelea mtoto. Nadhani ukweli huo unatuhusu na sisi tuliomo ukumbini humu.

Juni 2011, Geneva, Mkataba namba 189 wa Shirika la Kazi Duniani, unaohusu haki za wafanyakazi wa nyumbani, ulipita kwa kura 396 dhidi ya 16. Vyama vya wafanyakazi vya kwetu, CHODAWU cha Tanzania na KUDHEIHA cha Kenya, vimo katika shirikisho la kimataifa la wafanyakazi hao pamoja na Wabrazili. Aprili 2013 Brazili ikabadilisha katiba: saa 44 kwa wiki, na malipo ya saa za ziada. Miaka 70 baada ya ile sheria ya Vargas!

Lakini sheria ya utekelezaji ya 2015 inamlinda anayefanya kazi zaidi ya siku mbili kwa wiki kwa familia moja. Basi waajiri wakajua la kufanya: siku mbili hapa, mbili kule, na mama yuleyule anazunguka nyumba tatu bila mkataba wala likizo. Hao ndio vyama vinaowahangaikia sasa.

Nikomee hapo, naona mikono imeshanyooshwa. Naomba waanze wanaofanya kazi hiyo, sisi tunaowaajiri tufuate.