Vali za Vena na Kidonda cha Mguu Kisichopona

Ndugu wasikilizaji, naomba kila mmoja atazame mkono wake. Ukifunga kitambaa juu ya kiwiko, vena, yaani mishipa inayorudisha damu moyoni, zitatuna, na hapa na pale utaona vinundu. Hapo ndipo vali, vilango vidogo vya ndani ya vena, zilipo. Ziba mshipa kwa kidole, kisha kwa kidole kingine ikamue damu kuelekea juu mpaka ipite kinundu kinachofuata. Kipande hicho kitabaki kitupu, kwani damu iliyopita hairudi. Daktari Mwingereza William Harvey alieleza jaribio hili mwaka 1628. Mwalimu wake wa Padua, Italia, Fabricius, alikwisha kuzichora vali hizo mwaka 1603, ila alidhani zinapunguza tu kasi ya damu iendayo miguuni.

Vali ni vikunjo viwili vyembamba vilivyoelekea moyoni. Damu ikipanda, vikunjo hulala ukutani mwa vena. Ikitaka kushuka hujaa na kukutana. Mtu akisimama tuli, shinikizo ndani ya vena za kifundo cha mguu hukaribia milimita 90 za zebaki. Akitembea, misuli ya shavu la mguu huzibana vena za ndani, damu hupanda, vali hufunga nyuma yake, na shinikizo hushuka hadi karibu 30. Ahueni hiyo ya kila hatua ndiyo inayoilinda ngozi.

Vali zikishindwa, ahueni hupotea. Pengine bonge la damu limeziachia makovu. Pengine kuta za vena zimetanuka, kwa urithi, umri, ujauzito au kazi ya kusimama, hata vikunjo havikutani tena. Damu hurudi chini, vena za karibu na ngozi hujipindapinda, na jioni mguu huvimba. Majimaji na chembe nyekundu huvuja. Chuma kilichomo huipaka ngozi weusi, nayo hukakamaa. Kisha mkwaruzo mdogo tu huwa kidonda, mara nyingi upande wa ndani, juu kidogo ya kifundo.

Inaniuma kuona kidonda hiki kikipakwa dawa miezi na miezi, shinikizo likiachwa vilevile. Kinahitaji bandeji ya kubana, mguu kuinuliwa, na mara nyingi vena mbovu ya karibu na ngozi kuzibwa kwa joto. Damu itapita kwenye vena za ndani zikiwa wazi. Lakini kabla ya kufunga bandeji, mhudumu apime kwanza mtiririko wa ateri, mishipa inayoleta damu kutoka moyoni, maana mguu usiopata damu ya kutosha unaweza kufa kwa kubanwa.