Mistari Imejaa, Ukurasa Haufunguki: Mhadhara kuhusu Mtandao wa Simu Dodoma

Ndugu Mwenyekiti, walimu wenzangu, wanafunzi, na wazee wetu mliotoka Mvumi, Bahi na Kongwa kuja kutusikiliza: mbukwenyi.

Nitaanza na lalamiko ambalo sidhani kama kuna mtu humu ndani hajawahi kulitoa. Mistari ya mtandao kwenye kioo cha simu imejaa, lakini picha haifunguki, na ujumbe wa sauti unazunguka tu mpaka mtu anaiweka simu mfukoni kwa hasira. Mistari ile hupima nguvu ya mawimbi yanayoifikia simu kutoka mnarani, basi. Haisemi ni watu wangapi wanaugawana mnara huo saa hiyo, wala haisemi njia inayouunganisha mnara huo na Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, yaani nyaya kuu zinazobeba data nchini, ni pana kiasi gani. Kwa hiyo simu inaweza kuwa nzima, bando likawa halijaguswa na mtu, na bado ukurasa usifunguke.

Mji wetu unalionyesha jambo hili vizuri kuliko kitabu chochote. Serikali ilipoanza kuhamia hapa mwaka 2016, watumishi walikuja na familia zao na simu zao. Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007, kina mabweni ambayo wakazi wake wote huingia mtandaoni jioni kwa wakati mmoja. Na kuanzia Aprili hadi mwishoni mwa Juni, Bunge la bajeti huleta wageni wanaojaza kila nyumba ya kulala wageni. Mnara uliopangwa kuhudumia mtaa wa viwanja vitupu sasa unahudumia mtaa wa maghorofa, nao hauwezi kumpa kila mmoja alichokizoea.

Wapo pia wanaoniuliza kwa nini intaneti hukata mara tu wanapopigiwa simu. Mtandao wa 4G, yaani kizazi cha nne cha mtandao wa simu, ulijengwa kwa ajili ya data, na sauti husafiri ndani yake kwa huduma inayoitwa VoLTE. Simu isiyo na huduma hiyo, au laini ambayo haijawezeshwa, hulazimika kushuka hadi vizazi vya zamani, 3G au 2G, ili mazungumzo yapite, na ndiyo maana ile herufi juu ya kioo hubadilika. Kagueni mipangilio ya simu zenu kabla ya kuulaumu mnara.

Tukitoka nje ya mji, msongamano hupungua na umbali ndio unaotawala. Bahi na Chamwino zina tambarare ambazo macho huona mbali sana, na wengi hudhani kwamba mnara unaoonekana ni mnara unaofika. Sivyo. Katika 2G ya kawaida, simu na mnara hupeana zamu kwa vipande vidogo vya muda, na ukipita takriban kilomita 35 sauti yako huwasili zamu yako ikiwa imekwisha, hata kama mawimbi yenyewe bado yana nguvu. Upande wa pili wa mji tuna vilima vya mawe. Anayeishi nyuma ya kilima yuko katika kivuli cha mawimbi, na mnara mrefu zaidi upande ule mwingine haumsaidii sana kama mnara mfupi uliojengwa upande wake. Halafu kuna paa. Bati hurudisha mawimbi yalikotoka, na hiyo ndiyo sababu mama anatoka uani kuzungumza na mwanawe aliyeko Dar es Salaam. Nyumba ya tembe nayo haina nafuu kubwa, kwa maana udongo wa paa lake hunyonya mawimbi, hasa ukiloa wakati wa mvua.

Sasa nije kwenye matumaini. Tangu mnada wa masafa, yaani mawimbi ya redio ambayo kampuni za simu hutumia, uliofanywa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania mwezi Oktoba 2022, neno 5G limekuwa midomoni mwa vijana wote. Mimi silipingi, ila naomba tulielewe. Wimbi la megahezi 3,500, ambalo ndilo 5G hulipenda kwa sababu hubeba data nyingi, lina urefu wa takriban sentimita 9, nalo huchoka mapema na husumbuliwa na ukuta. Wimbi la megahezi 700 lina urefu wa takriban sentimita 43. Hubeba kidogo, lakini hufika mbali na hupenya vizuri zaidi. Katikati ya jiji na pale Mtumba, kwenye mji wa Serikali, lile la kwanza linafaa sana. Kwa Mpwapwa vijijini, mimi ningeomba 4G ya masafa ya chini kabla ya kuomba 5G yoyote, na vijana wakinizomea nitavumilia.

Ni kweli pia kwamba minara inaongezeka. Mwezi Mei 2023, hapa hapa Dodoma, ilisainiwa mikataba ya kujenga minara 758 kupitia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, na kata nyingi zilizosahaulika zimo katika mpango huo. Lakini mnara ni chuma tu kama hauna umeme. Umeme ukikatika, mnara huishi kwa betri, jenereta au jua, na betri iliyochakaa hufa mapema, wakati ambapo mwenye duka anahitaji kupokea malipo na mgonjwa anahitaji gari.

Juzi katika kijiji kimoja wazee waliniuliza 5G itafika lini kwao. Nikawauliza mnara wao huzima baada ya muda gani umeme ukikatika. Wakanijibu kwa pamoja, bila kutazamana: saa mbili. Nikawaambia waliandike hilo, pamoja na tarehe na majira, walipeleke kwa mtoa huduma wao, na nakala waipeleke kwa Mamlaka ya Mawasiliano.

Nitapokea maswali, nikianza na mzee yule aliyenyoosha mkono tangu nilipotaja bati.