Risasi Kwanza, Mtutu Baadaye

Mhadhara kwa wawindaji wenye leseni, Tanga

Wazee wangu shikamooni, na ndugu zangu habari za jioni. Nimeulizwa tena pale mlangoni: "Fundi, naagiza mtutu mpya wa raifo yangu, nichukue wa kampuni gani?" Nami namuuliza kila mtu swali lilelile: utatumia kichwa gani cha risasi? Kina uzito gani, urefu gani? Ananyamaza. Basi bado hujafika kwenye mtutu.

Risasi ikishakaa ndani ya chemba, yaani chumba chake nyuma ya mtutu, mbele ya mdomo wa ganda pana sehemu laini isiyo na mifuo, ile mikato ya ndani ya mtutu inayokizungusha kichwa. Hilo ndilo koo. Likiwa fupi na kichwa kirefu, kichwa kinagusa mifuo hata kabla hujafyatua, na baruti ikiwaka shinikizo linapanda kupita kiasi. Ukikizamisha zaidi kwenye ganda, unakula nafasi ya baruti. Koo likiwa refu mno, kichwa kifupi kinaruka pengo kabla ya kushikwa na mifuo, na mara nyingi shabaha inatawanyika.

"Fundi si anajua?" Fundi ana kifaa chake cha kuchongea chemba, na kifaa hicho kina koo lake. Usipomwambia kitu, atakuchongea hilo alilonalo.

Sikilizeni mambo ya Wajerumani. Novemba 1914, vita vilipopiganwa hapahapa Tanga, askari wao wengi walishika bunduki za Mauser za 1871, milimita 11, za baruti nyeusi, na moshi ukawafichua walipojificha. Lakini kwao Ulaya walishakuwa na risasi ya 8×57, yaani kipenyo cha milimita 8 hivi na ganda la milimita 57, na hiyo ndiyo ninayoitaka. Ya 1888 ilikuwa na kichwa butu cha gramu 14.7, kipenyo milimita 8.08. Mwaka 1905 wakaleta kilichochongoka, cha gramu 10 hivi, kipenyo milimita 8.20. Jina la risasi lilelile! Wakalazimika kuzirekebisha bunduki walizokuwa nazo, kisha wakazigonga herufi S. Hakuna aliyesema "itaingia tu". Nawe usiseme. Kuingia kwenye chemba si kipimo cha usalama. Milimita 0.12 mnaiona ndogo? Pale chuma kinalazimishwa kupita penye chuma, tena mkono wako uko nyuma yake.

Kuna anayenong'ona kwamba hayo ni ya kale. Haya, chukua risasi ya kiraia ya .223 na ya 5.56 ya jeshi. Maganda kwa nje karibu ni mamoja, lakini chemba ya jeshi ina koo refu zaidi. Risasi ya jeshi ukiipiga kwenye chemba ya .223, shinikizo linaweza kuzidi. Na risasi ya 6.5×55 ya Wasweden, koo lake la asili lilichongwa kwa kichwa kirefu cha gramu 10.1; mtu anaweka chepesi kifupi, kisha analaumu mtutu.

Naonyeshwa saa, kwa hiyo mengine nayataja tu. Magazini ina urefu wake. Koo refu halikusaidii kama risasi haiingii humo. Joto la baruti hulila koo, basi hukua jinsi unavyopiga. Nafasi ya ganda nyuma, kati yake na kitasa kinachofunga chemba, hupimwa kwa geji, haikisiwi. Na bila kibali usiguse kitu.

Anayetaka kuagiza aje hapa mbele na karatasi yenye uzito na urefu wa kichwa anachokusudia. Bunduki aiache nyumbani.