Tunguu la Porini Halipimwi kwa Msimu Mmoja

Asalaam aleikum ndugu zangu, na wazee wangu shikamooni. Mmeniita Malindi wakati mzuri. Masika yameanza, na wenyewe mmeshaliona lile ua jekundu la mviringo, ambalo mara nyingi hutangulia majani yake. Wataalamu huliita Scadoxus multiflorus. Nimekuja nalo, nimelikata juzi asubuhi. Tazameni, hili si ua moja, ni tita la vijiua. Tita kubwa laweza kufika vijiua 200.

Wenye vitalu mnauliza: tuchague lipi la kuzalisha? Mtu huingia porini akaona kivulini ua lenye shina refu, na juani kwenye mwamba wa matumbawe akaona fupi, akasema hizi ni aina mbili. Bado! Huenda urefu ule ni wa kivuli tu. Yapandeni pamoja, udongo mmoja, maji sawa. Tofauti itakayobaki hapo ndiyo ya kurithiwa.

Na mwaka wa kwanza msiuamini. Hili tunguu lake, lile linalokaa chini ya udongo, nimelipasua: mwaziona tabaka hizi nene, kama za kitunguu maji? Ni ghala. (Nitanawa mikono, lina sumu.) Chakula cha ua la leo kiliwekwa humu msimu uliopita, kule lilikotoka. Ukilipima mwaka huu, unapima pori lile, hupimi bustani yako.

Linaloniuma zaidi ni hili la watoto. Tunguu huzaa ubavuni, na kila mtoto ni mama yule yule. Ukichimbua matano kwenye kichaka kimoja, umepima mmea mmoja mara tano, halafu utasema pori zima linafanana. Nenda mbali ndipo uchukue la pili. Bora hata mbegu, mmea ubaki mahali pake. Ila zipandwe mbichi, zikikauka zimekufa. Na Arabuko-Sokoke msichimbe, nawaomba. Ule ni msitu wa hifadhi, na tukiumaliza tutachagua kutoka wapi?

Na msidharau mmea wa pori. Yale maua ya maharusini yaitwayo magladiola, mmoja wa wazazi wake wakuu ni Gladiolus dalenii, mmea wa Afrika hii hii. Waliouchanganya na wenzake ni Wazungu, huko Ulaya, karne ya 19. Sisi tunanunua.

Basi wekeni daftari: tarehe lilipofunguka, idadi ya vijiua, urefu wa shina, siku lilizokaa kwenye chupa. Hili langu naliacha hapa mezani kwenye maji. Leo ni siku ya tatu. Anayekaa karibu aendelee kuhesabu.